Tofali

Kadi yake ya chanjo naiweka droo moja
na vitabu vya kliniki vya watoto.
Daktari wa mifugo wa Lanet ameandika humo
kabila lake, kwa Kiingereza kirefu
ambacho Naliaka hukitafuna kila jioni,
Sta-fo-di-sha-ya, Sta-fo-di-sha-ya,
kama anayehesabu ngazi.
Sisi tulimwita Tofali.
Ukikiona kichwa hutauliza kwa nini.

Alikuja ndani ya katoni ya maziwa, wiki nane,
tumbo kama chungu, miguu kama ya kuazima.
Mume wangu alitaka mlinzi.
Siku hiyo hiyo alichora kibao cha langoni,
rangi nyekundu juu ya nyeupe, MBWA KALI,
kabla mbwa mwenyewe hajajua lango liko wapi.

Tukaanza kulea.
Mnalea wangapi? jirani aliuliza.
Watatu, nikamjibu, na sikuwa natania.
Asiguswe akila.
Asivutwe masikio. Asipandwe kama punda.
Akienda kwenye gunia lake chini ya meza
amefunga mlango, hata kama mlango hamuuoni.
Niliyasema asubuhi, nikayasema mchana,
nikayasema na sabuni machoni.
Na yeye pia nilimfunza: keti. Ngoja. Acha.
Acha ni neno zito kwa mwenye taya kama zile,
zito zaidi kwa Sitati, wa miaka mitatu,
ambaye hadi leo hajalielewa.

Mama alipokuja kutoka Chwele
alisimama mlangoni na mfuko wake wa unga.
"Mbwa kwenye zulia? Kwetu mbwa hulala na mvua."
Siku ya nne nilimkuta jikoni akikwangua sufuria,
ukoko wote akiuweka kando kwenye sahani ya bati.
"Wa kuku," alisema.
Hatuna kuku.

Majirani bado huvuka barabara.
Baba Njambi huokota jiwe kwanza, salamu baadaye.
Aina hii ndiyo inayoua, husema. Ameshauma mtu?
Nami simcheki. Nashona vidonda kwa mshahara,
zamu ya usiku, hospitali kuu ya Nakuru;
najua jino la mbwa, awe wa kabila lolote,
linavyoiacha nyama.

Ila kwetu, jino pekee lililowahi kumwingia mtu au mnyama
ni la Sitati.
Jumapili, mvua ya Aprili ikitwanga mabati,
niligeuka kuzima githeri. Hesabu mbili, si tatu.
Nikasikia yowe ambalo si la mtoto.
Sitati alikuwa amelibana sikio kwa meno
kama mtu anayefungua soda.
Tofali hakunguruma.
Alikuwa amekaza mwili mzima, miguu minne imekita sakafuni,
macho kwangu,
kama shahidi aliyechoshwa na korti:
umeandika hilo, mama?
Nilipomnasua akaenda kwenye gunia
akaufunga ule mlango wake.

Nililia nikiosha kijiko kimoja kwa muda mrefu.
Kwa sababu hakuuma.
Kwa sababu angeweza.
Watu hudhani siku ile ndiyo niliyomwamini.
Siku ile ndiyo niliyonunua geti dogo la mbao
la kutenga jikoni na sebule.
Aliyenivumilia mara moja
sitamdai mara ya pili.

Naliaka sasa yuko darasa la pili, mikono haitulii.
Wiki jana alichukua dawa ya meno
akaifunika herufi ya mwisho ya kibao,
kisha kwa kaa la moto uliozimika
akaandika tatu zake, zimeinama kama nyasi.
Baba yake alirudi jioni, akasimama langoni
funguo mkononi, akisoma:
MBWA KALALA.
Hakuifuta.

Ndani, juu ya soksi za shule
tulizozitafuta tangu Jumatatu,
mlinzi wake alikuwa anakoroma,
na kwenye sikio la kushoto, ukiinamia karibu,
safu ndogo ya alama za meno ya maziwa.